Giaboksi ipi, fowili ipi? Kuchagua SUV ya zamani kwa kuangalia magonjwa yake

Mtu akienda kukagua SUV iliyotumika miaka mingi, kwa kawaida husikiliza injini, hutazama kama bodi limepigwa rangi upya, kisha huuliza kilomita. Si vibaya. Lakini kwenye gari lenye umri wa miaka 12, 15 au 20, kinachomfilisi mwenye gari mara nyingi kiko chini ya sakafu: giaboksi, transfa (inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma), propela shafti (mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye difu), difu (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu) na shafti za magurudumu. Injini ikichoka hujitangaza. Itatoa moshi, itakula oili, itagonga. Giaboksi inaweza kuwa nusu mfu na bado ikakuzungusha mitaa mitatu bila kasoro, ukalipa, ukaondoka nayo.

Kwa hiyo hapa sitafuti gari zuri kuliko yote. Kwa kila mfumo nauliza mambo matatu: huharibika vipi, huonya mapema au hushtukiza, na ukishaharibika hutengenezwa kwa kubadilisha kipande au hutolewa wote na kuwekwa mwingine. Hilo la tatu nalipa uzito kuliko yote. Gari la zamani litaharibika, hilo halina mjadala. Swali ni kama ubovu utamalizika kwa sili na oili, au utamaliza akiba yako yote.

Otomatiki ya gia 4 au 5, na CVT

Huu ndio uamuzi mkubwa, na wanunuzi wengi hawajui hata kama wanaufanya, kwa sababu ukikaa kwenye kiti zote mbili zina P, R, N na D.

Otomatiki ya kawaida hupokea nguvu ya injini kupitia toki konveta, ambayo ndani yake oili ndiyo inayosukuma, kisha nguvu inapita kwenye seti za gia zinazoshikwa na kuachiwa na klachi nyembamba zilizolowa oili. CVT haina gia hizo. Ina puli mbili zinazotanuka na kubana, na mkanda wa chuma (Subaru hutumia mnyororo) unaopanda na kushuka juu yake. Hapa ndipo penye tofauti ya maisha. Mkanda haushikwi na meno yoyote. Unashikwa kwa mbano tu, na mbano huo unatokana na shinikizo la oili. Shinikizo likipungua kidogo, mkanda unateleza. Ukiteleza unachubua uso wa puli, vumbi la chuma linaingia kwenye oili, linaenda kukwamisha vali zilezile zinazotengeneza shinikizo, na mkanda unazidi kuteleza. Ugonjwa unajilisha wenyewe.

Otomatiki ya kawaida nayo huchakaa, lakini kwa hatua. Klachi moja ikiisha, gia moja inaanza kuteleza huku nyingine zikifanya kazi. Solenoidi (vali ndogo ya umeme) ikifa, gari linakwama kwenye gia fulani na taa inawaka. Gia ikichelewa kuingia asubuhi, una muda wa kutafuta fundi. Na fundi akiifungua atakuta vipande vinavyouzwa kimoja kimoja: klachi, sili, solenoidi, chujio. CVT ikishachubuka puli, mafundi wengi hawafungui. Wanatoa nzima na kuweka nyingine.

Mfano ulio wazi ni Nissan X-Trail. Ya kizazi cha kwanza, T30, iliyoanza mwishoni mwa 2000, ilikuja na otomatiki ya gia 4. Ya pili, T31, iliyoanza 2007, ilikuja na CVT ya Jatco kwenye matoleo ya petroli. T31 ni gari bora karibu kwa kila kitu: nafasi, utulivu, ulaji wa mafuta. Lakini ukiniwekea T30 na T31 za petroli, zote hazina kumbukumbu ya matengenezo, nitachukua T30 bila kusita. Na wanaoipenda T31 wajue kwamba ile ya dizeli yenye otomatiki ina giaboksi ya kawaida ya gia 6, si CVT, na wengi huipita bila kujua. CVT hiyohiyo ya familia ya JF011E iliwekwa pia kwenye Mitsubishi Outlander, Renault Koleos na Jeep Compass za miaka hiyo, kwa hiyo usidhani ukibadili nembo umelikwepa tatizo.

Nissan wenyewe, kwa soko la Marekani, waliongeza dhamana ya CVT za magari ya 2003 hadi 2010 ikawa miaka 10 au maili 120,000, sawa na kilomita 193,000 hivi. Subaru nao walifanya jambo kama hilo huko kwa CVT za magari yao ya kuanzia 2010. Kampuni hairefushi dhamana kwa kitu kisichowarudia gereji.

Hii haina maana kila CVT ni bomu. Iliyobadilishwa oili kwa wakati, kwa oili yake halisi (NS-2 au NS-3 kwa Nissan, kulingana na toleo), inaweza kwenda mbali. Iliyowekewa ATF ya kawaida (oili ya otomatiki za gia) na mtu asiyejua ni ya kuachana nayo, hata kama leo inatembea vizuri, kwa sababu ATF haina mshiko ambao mkanda unauhitaji. Muulize muuzaji ni oili gani iliwekwa. Akijibu “ile ya giaboksi tu”, umeshajibiwa.

Usikisie aina ya giaboksi kwa jina la gari. RAV4 ya kizazi cha tatu yenye injini ya lita 2.4 iliuzwa Japani ikiwa na CVT, wakati masoko mengi mengine yalipata otomatiki ya gia 4. Magari mawili yanayofanana kama pacha yanaweza kuwa na giaboksi tofauti kabisa. Soma kibati cha utambulisho, tafuta msimbo wa giaboksi, ndipo uanze kuzungumza bei.

Mtetemo wa mwendo wa kati: ni giaboksi au injini?

Kuna tatizo moja linalopotosha wengi. Gari linakwenda kilomita 60 hadi 80 kwa saa, mguu uko mwepesi kwenye akseleta, barabara iko sawa, ghafla linatetemeka sekunde chache kama linapita juu ya matuta madogo yaliyopangana. Kisha linaacha. Muuzaji atakuambia ni plagi. Inaweza kuwa plagi kweli. Inaweza pia kuwa klachi iliyomo ndani ya toki konveta, ile inayofunga gari likifika mwendo wa safari ili kuzuia upotevu wa nguvu.

Namna ya kutofautisha ni hii. Mtetemo ukianza, shikilia akseleta palepale, kisha kwa mguu wa kushoto gusa breki kidogo tu, kiasi cha kuwasha taa za nyuma bila kupunguza mwendo. Fanya hivyo barabara ikiwa tupu nyuma yako. Kwenye magari mengi, swichi ya breki huiambia kompyuta ifungue klachi ya konveta. Mtetemo ukikatika papo hapo, ugonjwa uko kwenye konveta au oili yake. Ukiendelea vilevile, rudi kwenye injini: plagi, koili, nozeli. Jaribio hilo ni la bure na linaweza kukuokolea giaboksi nzima.

Kama ni konveta, mara nyingi oili mpya hupunguza au huondoa tatizo likiwa bado changa. Na hapa niseme kuhusu ile hofu kwamba kubadilisha oili kwenye giaboksi ya zamani huiua. Giaboksi ambayo tayari inateleza haitaponywa na oili mpya, na ikifa wiki ifuatayo watu wataisingizia oili. Lakini giaboksi isiyoteleza inaihitaji. Ukifungua nati ya chini inatoka sehemu tu, kama theluthi hadi nusu, iliyobaki imekaa ndani ya konveta. Kwa hiyo mwaga, jaza, tembea, kisha rudia baada ya muda. Mimi siafiki kuisukuma kwa mashine yenye shinikizo kwenye giaboksi iliyotelekezwa miaka mingi, kwani uchafu uliotulia chini unaweza kuhamishiwa kwenye vali.

Kabla ya hapo, itazame oili yenyewe. Kama giaboksi ina kijiti cha kupimia, kichomoe na udondoshee tone kwenye karatasi nyeupe ya tishu. Oili isiyoharibika husambaa ikiwa nyekundu au hudhurungi nyepesi. Iliyoungua huacha doa jeusi katikati na harufu ya kitu kilichokaangwa kupita kiasi. Ukiona rangi ya pinki nzito, kama maziwa, maji ya rejeta yameingia. Kwa Nissan Pathfinder na Xterra za 2005 hadi 2010 hili ni tatizo linalojulikana: kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta hupasuka, maji na oili vinachanganyika, na giaboksi ya gia 5 ambayo haikuwa na kosa lolote inakufa. Kama moja ya hizo imekuvutia, uliza kama rejeta ilibadilishwa au kama imewekewa kipoza cha nje. Jibu likiwa hapana na oili bado safi, unaweza kuinunua, ila rejeta iwe kazi ya kwanza kabisa, kabla ya matairi, kabla ya redio.

Giaboksi nyingi za baadaye hazina kijiti. Kwa mfano Toyota yenye otomatiki ya gia 5 ya A750F, iliyowekwa Prado 120, hupimwa kupitia nati ya kufurikia oili ikiwa kwenye joto maalumu, wakati A340F ya gia 4 ya Prado 90 ina kijiti cha kuchomoa mwenyewe. Zote mbili ni imara sana. Tofauti ni kwamba ya zamani unaikagua kwa dakika moja mbele ya muuzaji, ya baadaye unahitaji shimo la gereji na fundi mwenye subira.

Otomatiki za gia 6 za Ulaya

Land Rover Discovery 3 na BMW X5 ya E70 ya kabla ya 2010 hutumia giaboksi za ZF za familia ya 6HP. Ni giaboksi nzuri zilizodhulumiwa na neno “oili ya maisha”. Baadhi ya watengenezaji wa magari waliwaambia wateja oili haibadilishwi, ilhali ZF wenyewe wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au kila miaka 8. Beseni la chini ni la plastiki na chujio limo ndani yake, kwa hiyo vinabadilishwa pamoja. Plastiki hiyo hujipinda kwa joto na kuanza kuvuja, na sili ya plagi ya umeme inayoingia ubavuni nayo huvuja. Ukiona oili imelowa hapo, bei ishuke. Ukisikia inapiga kwa nguvu inaposhuka kutoka gia ya 3 kwenda ya 2 wakati unasimama, ishuke zaidi.

Ila si kila gia inayopiga ni giaboksi. RAV4 za 2001 hadi 2003 zinajulikana kwa kompyuta ya injini inayoharibika na kuamuru mabadiliko ya gia kwa fujo. Watu wamebadilisha giaboksi kwenye magari hayo, kumbe ilikuwa kompyuta. Kupima kwa mashine kwanza, kufungua baadaye.

Manyuali, na zile za klachi mbili

Manyuali ni rahisi kuichunguza na rahisi kuisamehe. Ikifika kilomita 50 kwa saa, weka gia ya juu, kanyaga akseleta hadi chini. Mshale wa mizunguko ukiruka wakati mwendo haupandi, klachi imekwisha. Ukisikia mlio unapokanyaga pedali ya klachi, ni beringi ya kuachia. Mlio ukiwepo gari likiwa nyutro na pedali juu, kisha ukapotea unapokanyaga, beringi ya kuingilia giaboksi inalia, na hiyo ni kazi kubwa zaidi. Gia ya pili ikikwaruza unaposhuka, hasa asubuhi giaboksi ikiwa baridi, sinkro (vipande vinavyolinganisha kasi ya gia kabla hazijaingia) zimechoka. Unaweza kuishi nazo miaka kadhaa kwa kutuliza mkono.

Kitu kimoja kinachoweza kugeuza manyuali kuwa ghali ni gurudumu zito la injini (flaiwili) la vipande viwili vyenye springi, lililoko kwenye dizeli nyingi za kuanzia miaka ya 2000. Likichoka, utasikia njuga injini ikiwa saileni (inanguruma bila kukanyagwa akseleta), na mara nyingi sauti hubadilika ukikanyaga klachi. Ukibadilisha klachi bila kulikagua utashusha giaboksi mara mbili.

Kuhusu giaboksi za klachi mbili, kama DSG ya gia 6 kwenye Volkswagen Tiguan, sitakaa sana. Toleo lenye klachi zilizolowa oili linahitaji oili na chujio kila kilomita 60,000. Kama risiti zipo na gari linaondoka bila kushtuka kwenye mlima, sawa. Kama risiti hazipo, hilo si gari la kununua likiwa na umri mkubwa isipokuwa una fundi anayeijua kwa undani.

Fowili: aina tatu, tabia tatu

Fowili ni nguvu ya injini kwenda magurudumu yote manne. Ya kwanza ni ya kuunganisha mwenyewe: gari linakwenda kwa magurudumu ya nyuma, unavuta mkono au kubonyeza swichi, mbele inashikana. Suzuki Jimny na pikapu nyingi ziko hivi. Haina difu ya katikati, kwa hiyo ukiitumia kwenye lami kavu na kukata kona, mbele na nyuma zinagombana na kitu fulani kitakatika. Ubovu wake kwa kawaida ni mdogo. Jimny ya 1998 hadi 2018 ina habu (vitovu vya magurudumu) za mbele zinazofungwa kwa uvutaji wa hewa, na mipira yake ikipasuka habu hazifungi. Wengi huweka habu za kuzungusha kwa mkono na suala linakwisha.

Ya pili ni ya kudumu, yenye difu ya katikati inayofungwa: Land Cruiser 80 na 100, Prado, Suzuki Grand Vitara ya kuanzia 2005, Discovery. Hii kwa maoni yangu ndiyo bora kwa anayetembea njia mchanganyiko, na ndiyo huzeeka kwa heshima. Tatizo lake kubwa ni uvivu wa mwenye gari. Mota ya kufunga difu isiyotumika miaka mitano hukwama kwa kutu. Wakati wa kukagua, nenda kwenye udongo, ifunge, taa iwake na ibaki, uifungue, taa izime. Taa inayopepesa bila kutulia maana yake mota au swichi, na utalipia wewe.

Mitsubishi Pajero yenye Super Select, iliyoanza 1991, inachanganya hizo mbili: unaweza kuiendesha kwa magurudumu mawili, au manne hata kwenye lami. Taa za magurudumu zinazopepesa kwenye dashibodi ndiyo sifa yake mbaya, na wauzaji huziogopa. Mara nyingi ni mpira wa hewa uliochanika, solenoidi ya hewa au swichi kwenye transfa. Ni mahali pazuri pa kupata punguzo la haki, mradi umesikiliza transfa yenyewe na haisagi.

Ya tatu ni ya kujiunganisha yenyewe: Honda CR-V, X-Trail, RAV4 za baadaye, Tiguan. Mbele inavuta, nyuma inasaidia ikihitajika. Hapa tofauti kati ya modeli ni kubwa. Kwenye CR-V za miaka ya kwanza, difu ya nyuma ina pampu mbili za oili, moja inazungushwa na mbele, nyingine na magurudumu ya nyuma. Zikizunguka sawa, oili inapita tu. Mbele ikiteleza, tofauti ya shinikizo inabana klachi na nyuma inaanza kusukuma. Oili ikizeeka, gari huguna na kutetemeka nyuma unapokata kona kali kwa mwendo mdogo. Watu huambiwa difu imekufa. Mara nyingi dawa ni kumwaga oili na kuweka ile maalumu ya Honda ya pampu mbili, kisha kutembea duara kadhaa. Ukiikuta CR-V inayoguna hivyo, hiyo ni bahati yako kuliko hasara.

Linganisha na Land Rover Freelander ya kwanza, ya 1997 hadi 2006. Katikati ya propela shafti yake kuna kopo lililofungwa lenye oili nzito ya silikoni na sahani nyembamba. Kadiri linavyozeeka silikoni inagandamana, kopo linakuwa gumu, na mbele na nyuma zinafungana hata kwenye lami. Kinachokatika hapo ni giaboksi ndogo ya mbele inayogawa nguvu, kipande cha gharama kubwa. Ndiyo maana utakuta Freelander nyingi zimeondolewa propela shafti na kuuzwa kama fowili. Inama, uangalie chini. Kama shafti haipo, unanunua gari la magurudumu mawili na mtu amekuficha sababu.

BMW X3 ya E83 nayo ina mota ndogo kwenye transfa yenye gia ya plastiki inayolika meno. Taa za fowili na za uthabiti zinawaka pamoja, na gari linasita ukiongeza mwendo. Gia hiyo ya plastiki inapatikana peke yake, kwa hiyo usikubali kuuziwa transfa nzima kabla ya kuifungua mota. Touareg za kizazi cha kwanza zina beringi ya kati ya propela shafti inayochanika mpira wake, na unasikia midundo chini ya sakafu unapoongeza mwendo taratibu.

Jaribio la kona, na matairi

Kwa fowili yoyote ya kudumu au ya kujiunganisha, fanya hili baada ya gari kupata moto. Tafuta uwanja mpana wenye lami kavu. Kata usukani hadi mwisho, liache litambae lenyewe, kisha weka nyutro. Gari lisilo na ubovu linaendelea kuserereka kidogo. Lililofungana linasimama kana kwamba kuna mtu ameshika breki, na unaweza kusikia tairi likiburuzika. Rudia upande wa pili, kisha kwa rivasi. Ukiwa hapo, sikiliza pia mlio wa ta-ta-ta kwenye gurudumu la mbele, ambao ni jointi ya shafti iliyokwisha.

Kisha tazama matairi yote manne. Subaru wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi milimita 6 hivi, na wana sababu. Tairi mbili mpya mbele na mbili zilizokwisha nyuma huzunguka kwa kasi tofauti, na kopo la silikoni, klachi ya kati au transfa inafanya kazi bila kupumzika. Gari lenye matairi ya chapa tatu tofauti linakuambia jinsi sehemu zake za chini zilivyoishi.

Milio ya difu na shafti

Mvumo unaobadilika unapokanyaga na kuachia akseleta unatoka kwenye difu. Mvumo unaobadilika unapoyumbisha usukani kushoto na kulia ni beringi ya gurudumu, na huo ni nafuu. Kishindo kimoja unapotoka D kwenda R, angalia krosi (viungo) za propela shafti kwa kuishika na kuizungusha mkononi. Kwenye Toyota za fremu, kishindo kidogo unaposimama au kuondoka mara nyingi ni kukosa grisi kwenye meno ya kuteleza ya shafti, kazi ya dakika chache.

Land Cruiser 80 ina ekseli ngumu ya mbele, na sili zake zikiisha oili ya difu huchanganyika na grisi ya jointi na kuvuja kwenye kifundo kinachogeuza gurudumu la mbele. Inaonekana vibaya kuliko ilivyo. Hufunguliwa, husafishwa, hupakiwa grisi upya, na jointi zilizoanza kulia zinaweza kuhamishwa upande wa pili ili zitumie uso ambao haujachakaa. Gari la kisasa lenye ekseli laini, yaani kila gurudumu la mbele hupanda na kushuka peke yake, halikupi nafasi hiyo.

Nani achukue ipi

Kama maisha yako ni lami, achana na fowili kabisa. CR-V, RAV4 na X-Trail ziliuzwa pia za magurudumu mawili, na hapo umeondoa transfa, propela shafti na difu ya nyuma kwenye orodha ya vitakavyokusumbua. Chukua yenye otomatiki ya gia 4 au 5.

Kama una njia ya udongo na tope la msimu, ya kujiunganisha yenyewe inatosha, na CR-V ya zamani inashinda kwa urahisi wa kuitibu. CVT yenye risiti kamili za oili unaweza kuichukua ukiwa na mzigo mwepesi na njia zisizo na milima mirefu, kwa sababu joto ndilo adui yake. Kwenye jaribio, ipandishe mlima mrefu kwa dakika 20. Ikianza kukunyima nguvu, inajilinda, na inajua kwa nini.

Kama unavuta trela, unabeba mizigo au unaingia porini, chukua yenye fremu, difu ya katikati inayofungwa, otomatiki ya kawaida au manyuali. Prado 90 au 120, Land Cruiser, Pajero ya 1991 hadi 1999. Zina kilomita nyingi, sawa. Giaboksi yenye kilomita 280,000 na oili iliyobadilishwa naiamini kuliko yenye 120,000 isiyoguswa.

Likague gari likiwa baridi kabisa. Gusa boneti ukifika, na kama muuzaji ameshaliwasha, omba kurudi kesho. Gia kuchelewa kuingia na sinkro kukwaruza huonekana asubuhi, kuteleza huonekana baada ya nusu saa ya mwendo. Mtu asiyekupa vyote viwili anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ukishalichukua, wiki ya kwanza mwaga oili ya giaboksi, transfa na difu zote mbili, kila moja kwenye chombo chake. Oili ya difu yenye rangi ya maziwa maana yake gari liliwahi kuvuka maji na kuyafyonza kupitia tundu la kupumulia, kwa hiyo tundu hilo lizibuliwe au liinuliwe kwa mpira. Kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili, tope laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole viweke kwenye mfuko, umpelekee fundi kabla hujajaza oili mpya.